Meno Ambayo Hayakuwepo

Jumapili, alasiri. Mvua ya masika imekatika baada ya adhuhuri, na kutoka dirishani kwangu hapa Kihonda milima inaonekana nusu tu, juu kote ni wingu. Idrisa amelala. Baba yake yuko uani anafua nepi, tena anafua kimya, maana anajua nina hasira.

Nina hasira kweli.

Nilidhani ingeniishia njiani tulipokuwa tunashuka kutoka Kinole kwa Mama. Haikuisha. Nimeoga, nimekunywa chai, nimemnyonyesha mtoto, na bado iko palepale kifuani. Basi acha niandike.

Mwezi uliopita, likizo yangu ya uzazi, niliyoiunganisha na ya mwaka, ikiwa inaelekea ukingoni, nilipanda Kinole kukaa na Mama kabla sijarudi darasani. Idrisa ana miezi mitano, ni mtoto wangu wa kwanza. Baba Idrisa alikuwa kazini kule Kisaki, yeye ni fundi umeme na kazi zake ni za kuhamahama. Nyumbani kwa Mama kuna kibaridi, kuna ndizi, kuna harufu ya mdalasini uliotandazwa kwenye mikeka. Mtoto alinenepa. Nami nililala usingizi niliokuwa nimeusahau.

Kisha homa ikaja.

Ilianza jioni, ikapungua, ikarudi. Zahanati wakampima malaria, hakuna. Wakatupa dawa ya kushusha homa, tukarudi nyumbani. Kesho yake alikuwa wa moto vilevile, analia hata akibebwa, ziwa analishika na kuliacha.

Hapo ndipo alipoingia Mama mkubwa, dada yake Mama. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na katika ukoo wetu Mama mkubwa ndiye mwenye sauti. Akisema harusi isogezwe, inasogezwa. Alimpakata Idrisa, akamfungua kinywa, akapitisha kidole kwenye ufizi wa chini, akatuita tuone. Kweli palikuwa na weupe kidogo, kama ufizi wa mtoto yeyote ambaye meno yake yanajiandaa kuota.

Akasema, "Meno ya plastiki."

Wote waliokuwepo wakaguna kwa pamoja, kama watu waliokuwa wanangoja kusikia jina hilo. Kwa ambaye hajawahi kusikia, kuna imani kwamba mtoto mchanga akipata homa isiyoeleweka, ndani ya ufizi wake kuna meno mabaya, laini, ambayo yasipong'olewa yatamuua. Anaitwa mtu wa kuyatoa. Pale Kinole ni mama mmoja anayetumia spoku ya baiskeli iliyonolewa. Anachimba ufizi, anatoa vijimeno vyeupe ambavyo havijakomaa, anawaonyesha: haya hapa. Na nyie mnaona kweli ni laini. Yatakosaje kuwa laini, nayo ni meno ya kawaida ambayo hayajafikia kuota?

Lakini haya ya mwisho nayaandika leo. Siku ile sikuwa nayajua. Siku ile sikuwa na hoja hata moja.

Nilikuwa na moyo tu, na moyo ulikuwa unakataa. Niliwaambia, si meno. Wakauliza, ni nini basi? Nikasema sijui. Wakacheka, si kwa ubaya, kwa kunihurumia. Mama mkubwa akaniambia mimi ni mtoto wa juzi kwenye malezi, yeye amelea wanane.

Nikampigia baba yake kule Kisaki. Mtandao ulikuwa unakatika, lakini la maana nililisikia vizuri: wazee wameyaona mengi, wasikilize. Nikaandika kwenye kundi letu la walimu la WhatsApp. Nilitegemea huko kuna mtu atanishika mkono. Wengi wakaandika pole, wawili watatu wakasema wa kwao walitolewa na wakapona, na mwalimu mwenzangu, anayefundisha baiolojia, nasema baiolojia, akaandika kwamba hospitali hawayajui hayo meno, nisipoteze muda.

Kwa hiyo si suala la kijiji na mji. Si suala la kusoma na kutosoma. Ilikuwa ni watu wote upande mmoja, na mimi na mtoto wangu upande wa pili.

Nikiri kwamba nilitetereka. Usifikiri nilikuwa jasiri. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikajiuliza, mimi ni nani? Kama nikikosea, nani atanisamehe? Kumwachia Mama mkubwa kulikuwa kwepesi kuliko kitu chochote duniani. Likienda vibaya, tumekosea wote. Nikikataa na likienda vibaya, ni mimi peke yangu.

Wakatuma mtu kumwita yule mama wa spoku. Angefika mchana.

Nilimwangalia Mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, anamenya ndizi. Hakuinua uso. Nilimngojea aseme neno, la kunizuia au la kuniruhusu. Alimenya ndizi, akatumbukiza sufuriani, akachukua nyingine.

Nikambeba Idrisa kwa khanga mbili, nikachukua kadi yake ya kliniki, nikatoka.

Mama mkubwa alinifuata hadi uwanjani. Akikasirika sana huongea Kiluguru, lakini neno hili alilisema kwa Kiswahili, taratibu, ili kila mtu aelewe.

"Ukitoka na mtoto huyu akafia njiani, usimlete hapa kuzikwa."

Nimelirudia neno hilo kichwani tangu siku ile. Nimejaribu kuligeuza, labda ni uchungu, labda ni mapenzi yaliyopinda. Bado ni lilelile.

Nilipanda bodaboda na kushuka na neno hilo mpaka mjini kwenye matope, mvua ikitunyeshea, dereva akinisihi nijishike vizuri. Nilikuwa nalia na nilikuwa namsikiliza mtoto kama anapumua. Nilipoacha kumsikia niliomba tusimame. Alikuwa amesinzia tu.

Hospitali tulipokelewa na daktari mwanamke, kijana kuliko mimi. Hakumfungua mtoto kinywa kwanza. Alimlaza kitandani, akamvua nguo zote na nepi, akasimama anamwangalia bila kumgusa. Nikaanza kumweleza habari za homa. Akaniuliza, "Huu mguu wa kulia ameacha kuuchezesha tangu lini?"

Nikatazama. Wa kushoto alikuwa anaurusharusha hewani. Wa kulia ulikuwa umelala, umekunjwa kidogo, kama si wake.

Sijawahi kuona aibu na nafuu kwa pamoja namna ile. Maana nilikuwa najua. Siku zote zile za homa, kila nilipombadilisha nepi, nilikuwa nauinua ule mguu polepole, nauwekea kiganja chini, naurudisha kama yai. Sikujiuliza kwa nini. Mikono ilikuwa imeshajua, haikunipa habari. Kile nilichokiita moyo, kumbe kilikuwa ni mikono yangu.

Usaha ulikuwa umeingia kwenye kiungo cha nyonga. Walimtoboa, wakautoa, nilionyeshwa kwenye chupa, mzito, wa rangi ya njano. Akalazwa na kuchomwa sindano za mshipani siku nyingi. Daktari alisema tungechelewa zaidi kiungo kingeharibika, angechechemea maisha yake yote, au usaha ungeingia kwenye damu na tungempoteza. Aliposikia habari ya spoku alifumba macho kidogo, akaendelea kuandika.

Baba yake alifika kutoka Kisaki akiwa na matope mpaka magotini. Alilia wodini. Nilimsamehe palepale, au nilidhani nimemsamehe.

Sasa leo.

Leo Mama aliandaa dua ya shukrani kule Kinole, mtoto amepona. Nilienda kwa roho safi. Nilimwamkia Mama mkubwa shikamoo, akaitikia marahaba, akampokea Idrisa akamrusha juu, akacheka naye. Nikasema basi, yameisha, mtu mzima hawezi kuomba radhi kwa maneno, ameomba kwa mikono.

Baada ya dua wanawake tumekaa mkekani, ubwabwa umeletwa, jirani mmoja akauliza mtoto alikuwa anaumwa nini hasa. Kabla sijafungua mdomo Mama mkubwa akajibu. Meno ya plastiki, alisema, yakicheleweshwa hushuka. Ya huyu yalishukia mguuni. Ndiyo hayo waliyoyatoa hospitali.

Mkeka mzima ukatikisa kichwa kukubali. Mmoja akasema Mwenyezi Mungu mkubwa, yangeweza kupanda kichwani.

Yaani walikuwa wamekosea, na sasa hata kule kukosea wamekugeuza kuwa ushahidi wao. Mtoto angekufa, ingekuwa ni kwa sababu nilikataa meno yatolewe. Amepona, ni kwa sababu meno yametolewa. Mtu anashindana vipi na kitu kama hicho?

Baba Idrisa alikuwa amesimama karibu na mlango. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo: nyamaza.

Sikunyamaza. Sikupaza sauti pia. Nilisema, "Mama mkubwa, kilichotoka mguuni ni usaha, niliuona kwa macho yangu. Na siku ile uliniambia akifa nisimlete hapa kuzikwa."

Kisha mtu akasema ubwabwa unapoa, tule, na mikono ikaingia kwenye sinia. Ndivyo ilivyozimwa. Ndani ya kila tonge niliona watu wakimeza walichokisikia.

Ndiyo maana mtu anafua nepi kimya.

Sisemi moyo haukosei. Wangu umeshanipotosha mara nyingi, kuhusu watu, kuhusu kazi. Ninachosema ni hiki: wote waliokuwa na uhakika siku ile walikuwa na uhakika juu ya mtoto wasiyembadilisha nepi. Uhakika wao waliupata kwa wenzao, na wenzao waliupata kwao. Ukiufuatilia, hukuti aliyeanza.

Tulipokuwa tunaondoka Mama alinisindikiza hadi barabarani. Alinibebea mkungu wa ndizi ingawa nilikataa. Nikamuuliza kile nilichokuwa nimekibana tangu mwezi uliopita. Kwa nini siku ile alinyamaza? Mama mzazi, mtoto wako anatukanwa uwanjani kwako, wewe unamenya ndizi?

Mama alitua mkungu chini. Akarekebisha khanga ya Idrisa mgongoni kwangu, akakawia kidogo na ule mguu wa kulia mkononi mwake.

"Mimi nilikaa," alisema.

Sikuelewa. Nilifikiri anasema habari za siku ile. Baba Idrisa alikuwa anafunga mkungu kwenye pikipiki, na Mama amegeuka anarudi, ndipo nilipoelewa.

Kabla yangu Mama alizaa mtoto wa kiume, Shabani. Nyumbani anatajwa kwenye dua tu, na tuliambiwa alifariki kwa homa akiwa mchanga. Sikuwahi kuuliza zaidi. Mama mkubwa alikuwepo enzi hizo, na sauti yake ilikuwa ileile. Mama hakutoka na mtoto wake, alikaa.

Kwa hiyo siku ile Mama hakuwa upande wao. Hakuniambia kaa. Pengine kwake, kunyamaza ndiyo ilikuwa njia pekee ya kunifungulia mlango. Na mimi nimemwekea kinyongo mwezi mzima.

Hasira haijaisha. Imeongezeka, lakini imehama kidogo. Nawaza pale mkekani leo, kati ya wale waliotikisa kichwa, ni wangapi moyo uliwahi kuwakataa nao wakakaa? Wangapi wanaitetea spoku kwa nguvu kwa sababu wakiiacha, itawabidi wakumbuke?

Kwenye kundi la walimu nimeshaandika, kwa jina langu, kila kitu, pamoja na neno usaha. Mwalimu wa baiolojia amesoma. Hajajibu. Asipojibu nitamuuliza stafu, ofisini kwa walimu, mbele ya wote.

Lakini kesho asubuhi, kabla ya hayo, nitampigia Mama. Sitazungumzia Mama mkubwa wala dua. Nataka kumuuliza Shabani alikuwa mtoto wa namna gani, alikuwa anapenda kulalaje, alifanana na nani. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.