Saloni ya Kuona Ziwa

Bujumbura, tarehe 9 Februari 1964

Yaya Pétronille, dada yangu mukubwa,

Amani ya Bwana iwe kwako. Siye tuko wazima. Florentine na watoto wanakusalimia. Goti lako linauma bado?

Sasa nyumba ya baba. Giza yake nimeichoka. Fundi Protais abomoe ukuta wa nyuma, saloni tunamokaa na wageni ifike mpaka kwenye migomba, tuweke dirisha kubwa la kioo. Tukija huko, watoto waamke wakiona ziwa na miti. Migomba aikate, amwage simenti ya sakafu. Na weye usimuzuie tena! Siku ya Krismasi uliikumbatia migomba kama mbuzi anayenyang'anywa chakula. Mafundi walicheka, hata minye nilicheka.

Mudogo wako, Placide

Uvira, tarehe 1 Machi 1964

Mudogo wangu Placide,

Yesu asifiwe. Goti limepoa, asante kuuliza.

Ukuta umeanguka, upepo wa ziwa unaingia mpaka kitandani. Ni vizuri. Migomba imekatwa, nyumba ni yako, sikubisha. Lakini simenti usilete, nakuomba. Mutoto wangu wa kwanza iko pale chini. Nilimuzalia hapa kwa mama, akafa padri hajafika. Kwenye makaburi ya misioni walimukataa bila ubatizo. Mama akamuzika nyuma, akapanda mugomba juu. Weye ulikuwa masomoni. Mbele ya mafundi nilisikia haya kusema, ndiyo maana nilikumbatia tu.

Yaya yako

Bujumbura, tarehe 15 Machi 1964

Yaya,

Nakusalimia, lakini kalamu ni nzito. Nilimusomea Florentine barua yako, nikashindwa kufika mwisho. Leo kwenye misa sikusogea altareni kukomunika. Nilikuita mbuzi, yaya. Nilichekea kaburi.

Simenti ilishapanda lori juzi. Protais asiiguse. Nijibu hata neno moja.

Mudogo wako

Bujumbura, tarehe 7 Juni 1964

Yaya, uko muzima? Wanasema waasi wako Uvira. Kila anayevuka mto Ruzizi namuuliza. Sijui barua yangu ilifika, ao simenti ilitangulia. Hata kuomba nasikia haya.

Placide

Uvira, tarehe 22 Novemba 1964

Mudogo wangu,

Yesu asifiwe sana. Nimekonda, lakini niko.

Barua yako ya Machi nimeipata juzi tu. Ilibakia njiani, Kiringye, kwa dereva wa lori. Simenti ilitangulia. Nikafikiri umenikatalia. Protais alipoanza kuchanganya, nilikaa chini palepale, nikamuambia, "Haya, mwaga juu yangu." Akaweka koleo chini. Kisha bunduki zikalia, sote tukakimbilia milimani Bijombo.

Nimerudi. Dirisha limebebwa na wezi. Simenti ilinyeshewa, mifuko imekuwa mawe. Lakini visiki viliota: saloni yako iko na migomba mitatu, mirefu kunipita. Si ulitaka watoto waamke wakiona miti?

Usikae kule na haya yako. Kitanda nimekutandikia. Ukifika, pitia nyuma kwanza, umusalimie mutoto. Weye ni mujomba wake.

Yaya yako, Pétronille