Kiti cha Jaylene Kwenye Ndege ya Kesho

KAMATI YA AFYA YA MASIKIO, WALPINYA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE

Tarehe: Jumanne, 15 Agosti 2023
Mahali: Baraza ya nyuma ya zahanati, upande wenye jua

Waliohudhuria:
Bi. Myrtle Brumby – Mwenyekiti
Bi. Nola Kennedy – Mjumbe, mwalimu msaidizi wa shule
Desmond Riley – Mjumbe, mhudumu wa masikio wa zahanati
Sista Hannah – Muuguzi, mwalikwa (ana miezi miwili hapa; bado anafunga gari kwa ufunguo)
Clarrie Driver – Katibu, yaani mimi

Hakuhudhuria:
Rex Brumby – bila udhuru. Mbwa wake wanne walihudhuria.

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao baada ya mbwa kutulia. Katibu anathibitisha kwamba kila neno lililosemwa amelisikia kwa masikio yake mwenyewe, na kwamba kuanzia hapa hadi mjini Alice Springs hakuna katibu mwenye masikio makali kama yake.

Mwenyekiti, aliyekuwa anachungulia karatasi, aliagiza maneno hayo yafutwe. Hayafutiki kwa kuwa kalamu ni ya wino. Basi Katibu anakiri: sikio la kulia lilitoboka utotoni, halijafanya kazi tangu hapo. La kushoto lina kifaa, na betri yake ilikata roho Mwenyekiti akiwa bado anakaribisha wajumbe. Kilichoandikwa hapa kimetoka kwenye mikono ya Bi. Nola, aliyekaa mbele ya Katibu akimpa kila kitu kwa ishara. Sisi huku tuna ishara ya kila jambo. Za matusi ndizo fupi kuliko zote.

Ilikumbushwa kwamba Desmond ni mkwe wa Mwenyekiti kwa hesabu za ukoo. Kwa mila zetu mkwe hamtazami mama mkwe, hamsemeshi, wala halitamki jina lake. Kwa hiyo Desmond alikaa juu ya kreti mwisho wa baraza, uso ameuelekeza kwenye uzio, mgongo kwetu. Alipokuwa na neno la kumfikia Mwenyekiti, alilisema kwa mikono nyuma ya mgongo, Katibu akalisoma na kulipeleka. La Mwenyekiti nalo lilirudi kwa njia hiyo hiyo, Katibu akilipaza kuelekea kwenye uzio. Kazi hii haina posho.

KUMB. NA. 4/2: TAARIFA YA SHULE

Bi. Nola alieleza kwamba watoto wanaendelea na zoezi la kulinda masikio: kila asubuhi wanapenga kamasi mpaka pua ziishe, kisha wanakohoa na kukimbia kuzunguka darasa. Mwaka jana safu nzima ya mbele ilikuwa inatoka usaha masikioni. Sasa wamebaki watatu. Kipaza sauti cha darasani kinafanya kazi. "Zamani nikigeukia ubao ni kama nimetoka nje," alisema. "Sasa wananijibu, na wengine wananijibu jeuri. Nimefurahi sana."

Kikao kilipongeza.

Mwenyekiti aliuliza karatasi za kupengea zimeishaje upesi hivyo. Ilielezwa kwamba Rex alichukua katoni nzima kwa ajili ya timu ya mpira. Mwenyekiti alisema Rex ni mtoto wa kaka yake na hapendi kumsema akiwa hayupo. Kisha akamsema.

KUMB. NA. 4/3: MASIKIO YA JAYLENE

Sista Hannah alieleza kwamba daktari wa masikio atakuwa hospitali ya mjini Alhamisi hii. Jaylene, mjukuu ambaye Mwenyekiti anamlea, ana miaka minane na ngoma za masikio yote mawili zina matundu. Daktari anaweza kuyaziba. Jina la mtoto lilikuwemo kwenye orodha tangu awali, likaondolewa kwa sababu familia haikupatikana. Sasa mtoto mmoja wa kijiji kingine ana homa na nafasi imepatikana. Ndege inakuja kesho asubuhi. Jibu la bibi linatakiwa leo, la sivyo daktari hatarudi mpaka mwaka ujao, na mwaka wa shule utakuwa umempita mtoto tena.

Mwenyekiti alisimama. Alisema hakuna mtu yeyote aliyefika nyumbani kwake kumweleza habari hizo, na kama kuna anayesema familia yake haipatikani, aje amwonyeshe alipojificha.

Sista alisema, kwa upole, kwamba Desmond alitumwa mara mbili, na mara zote mbili mlango ulifungwa.

Mikono ya Desmond ikaanza kusema nyuma ya mgongo. Katibu alisoma yafuatayo: "Nilikwenda. Nilisimama penye tangi la maji la kwake, nikatazama pembeni, nikakohoa. Nikasubiri. Nikakohoa tena. Nikaondoka."

Mwenyekiti alisema: "Nilimsikia akikohoa! Nikaingia ndani nikafunga mlango, apite kwa heshima. Nilidhani anakwenda kwa jirani. Huyo bwege alikuwa anasubiri nini?"

Katibu alipaza kwa Desmond: "Mama mkwe anakusalimu."

Bi. Nola alimpa Katibu ishara moja, ya zile fupi.

Ilibainika kwamba wote wawili walikuwa na adabu kamili, na adabu hiyo ndiyo iliyomgharimu mtoto nafasi. Sista aliuliza kwa nini Desmond hakumwambia yeye kwamba mlango ule ni mwiko kwake. Desmond alijibu kwamba hakujua kama kuna mtu asiyejua mwiko huo. Baada ya mara ya pili alimpa Rex ujumbe aupeleke kwa shangazi yake. Rex akapanda gari la timu na ujumbe ukaenda mpirani.

Sista alishika kichwa. "Yaani katika kijiji kizima nimemtuma mtu pekee asiyeweza kubisha mlango ule!"

"Ungeuliza, mwanangu," Bi. Nola alisema. "Hapa kuuliza ni bure."

Watu walicheka, mbwa wakabweka. Mwenyekiti hakucheka. Aliomba maneno yake yaandikwe kama yalivyo, nayo ni haya:

"Miaka ile watu wa serikali walikuja kumchukua dada yangu Elsie, akiwa mtoto. Walisema ni masikio tu, wiki mbili. Alirudi ana watoto wake. Tulikaa chini ya mti mimi na dada yangu, tukatafutiwa mkalimani. Msiniambie ndege ina nafasi."

Katibu aliandika neno kwa neno.

Mikono ya Desmond ilisogea, polepole. Katibu aliyapeleka maneno yake bila kuyagusa: "Mwambie aende naye. Ndege ina viti viwili, cha mtoto na changu. Changu akae yeye. Amshike mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na mtoto akifumbua macho amkute bibi yake. Nitamweleza daktari. Hakuna atakayemgusa mtoto bila bibi kujua."

Mwenyekiti aliuliza, akitazama mbali: "Mwulize huyo mtu, na yeye atafikaje?"

"Kwa gari," lilikuja jibu. "Naondoka leo."

Kwa barabara ile ni mchana kutwa, na vumbi lake linafika magotini. Katibu aliona uamuzi huo ni wa busara, akamwambia Mwenyekiti: "Shemeji, ndege yenyewe ni kama kopo la samaki. Wewe na mkweo humo ndani! Mmoja wenu angelazimika kukaa kwenye bawa, na kwa unene wako ndege ingeanguka."

Mwenyekiti alimtupia Katibu kiatu. Kisha akacheka, na alipomaliza kucheka akasema: "Tutakwenda. Mwambieni asiondoke na njaa. Atakuta mkate wa majivuni na nyama juu ya tangi la maji. Hapo hapo anapopenda kukohoa."

Iliamuliwa: Jaylene na bibi yake wanapanda ndege kesho.

KUMB. NA. 4/4: NYUMBA ZISIZOINGILIKA

Iliamuliwa kwamba, kabla ya mhudumu kutumwa popote, Bi. Nola ataulizwa nani ni mkwe wa nani. Nyumba ambazo Desmond hawezi kuzifikia zitafikiwa na Katibu, kwa kuwa yeye ni mtani wa kila mtu na hana wa kumstahi. Katibu alipinga. Wajumbe walidai hawakusikia. Katika kamati ya masikio!

KUMB. NA. 4/5: KUFUNGA

Mwenyekiti alifunga kikao jua lilipoiacha baraza, akaenda kufunga mzigo. Aliondoka kwa mlango wa mbele ili Desmond apate kugeuka na kunyoosha shingo.

Mwenyekiti: M. Brumby
Katibu: C. Driver

Desmond, mjukuu wangu, unasoma haya kabla hujawasha gari. Asubuhi nzima nimekubebea maneno, na kiatu nimepigwa mimi. Una deni langu. Huko mjini niletee betri za kifaa, zile ndogo kama dengu, zenye kibandiko cha rangi ya chungwa. Mimi na Jaylene tangu azaliwe tunazungumza kwa kupigiana kelele mpaka mbwa wanahama. Akirudi atataka kunong'ona, nami sitaki kumwambia arudie.