Vibanda vya Boksi la Viatu

Jumatatu, 29 Septemba
Basi la kutoka mtaani kwetu Black Rock limechelewa tena. Nimefika kituo cha watoto nikihema. Niko kwenye wiki mbili za majaribio. Watoto wakinizoea, mwalimu Rakeli ananiajiri na kiwanda cha Tonawanda nakiaga. Miguu imekichoka kile kiwanda. Leo tumeanza kutengeneza vibanda vidogo vya sikukuu ya Wayahudi. Ile Sikukuu ya Vibanda niliyoisikia kanisani tangu utoto, sasa naikata kwa mkasi. Boksi la viatu, vijiti, gundi. Dina, miaka mitano, kanishika kidole alasiri nzima. Raha.

Jumanne, 30 Septemba
Nimeota kambi ya wakimbizi tulikoishi. Mvua, na mama yangu anasogeza sufuria chini ya matone. Nimeamka nikisikiliza dari. Kavu.

Jumatano, 1 Oktoba
Mapaa ya vibanda vya watoto ni aibu tupu. Vijiti vitatu, mwanga unapita kila mahali. Walipoondoka nikabaki na gundi na majani makavu, nikayaziba yote kumi na moja. La Dina nimeliongezea plastiki. Hata tone halipiti. Nimerudi nyumbani najiona fundi.

Ijumaa, 3 Oktoba
Nimeharibu. Dina kachungulia ndani ya kibanda chake, kakuta giza, kalia mpaka kwikwi. Rakeli kanieleza taratibu: paa la kibanda hiki huachwa wazi kidogo, aliye ndani azione nyota. Ndiyo desturi yao. Nimeona haya, kisha hasira. Watu wenye nyumba za matofali wanataka paa linalovuja! Dina hanipi mkono. Kiwanda nakisikia kinaniita.

Nimemsimulia mume wangu. Kacheka, mjinga yule. "Donc, kumbe kule ku kambi tulikuwaka matajiri! Nyota zilikuwa mingi ndani ya nyumba." Sikucheka. Nimecheka baadaye, nikiosha vyombo.

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimebandua majani boksi moja moja, watoto wakiangalia. Plastiki ya Dina nimemwachia aitoe mwenyewe. Kaivuta kwa mikono miwili. Hakuniangalia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Jioni tumekaa kwenye kibanda kikubwa cha sikukuu, uani kwa kituo. Mabua ya mahindi juu, bado yana maji ya mvua ya mchana. Supu ya moto. Giza likaingia, watoto wakalala chali kwenye mablanketi, kila mmoja na boksi lake kifuani. Dina kaja kulala karibu nami. Kauliza kama nimewahi kulala kwenye kibanda. Miaka tisa, nikamwambia. Kauliza kama nyota nilikuwa naziona.

Nilitaka kumwambia habari ya matone. Lakini nilikuwa naziona, kweli. Mvua ikikatika, mama amesinzia, sufuria imejaa, mimi natazama juu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikamwambia ndiyo, nyingi.

Kanishika kidole. Rakeli, akipita na bakuli, kasema Jumatatu nije mapema, kuna karatasi za ajira za kusaini.

Tone moja likaniangukia kwenye paji la uso. Sikuhama.