Nilidhani Ni Baridi ya Miguu

Jumanne jioni. Mvua ya mawe imechapa majani ya chai mchana, na kituoni tumepima kidogo sana. Nimerudi mapema kuliko kawaida, nikiwa nimelowa hadi mabegani. Nina uchungu ambao sijui niuweke wapi, ndiyo maana naandika.

Nilimkuta binti yangu Mercy mezani na kazi ya shule. Wamepewa misemo ya Kiingereza inayotaja viungo vya mwili, waandike maana zake. Alinieleza ule wa kumvuta mtu mguu, kumbe ni kumtania, tukacheka. Kisha akauliza, "Mama, unajua *cold feet*?"

"Si ni miguu baridi?"

"Hapana. Mwalimu amesema ni ile hofu inakushika ukiwa karibu kufanya kitu ulikuwa umekubali."

Nikaweka kikombe chini.

Miaka minne iliyopita, siku tatu kabla ya harusi yake, mdogo wangu Adhiambo alinitumia ujumbe. Yeye ndiye msomi wetu, mwalimu wa shule ya msingi, na wakati huo alikuwa akifundisha Sotik. Mimi niliachia kidato cha pili, baba aliposimamishwa kazi kiwandani. Siku hiyo nilikuwa nachambua mchele na shangazi zetu waliotoka Homa Bay, wageni wamejaa hadi uani. Ujumbe ulikuwa mfupi: *I have cold feet.*

Ilikuwa Julai, na Julai ya Kericho inajulikana kwa baridi. Nikamjibu avae soksi mbili. Niliwasomea shangazi jibu langu, wakacheka.

Alijibu neno moja: "Sawa."

Jumamosi akaolewa na mfanyabiashara wa Sotik. Shela yake niliishika mimi.

Mwaka haukuisha, akaja nyumbani jicho limevimba. Akasema amegonga mlango. Krismasi iliyopita alikuja bila jino moja la mbele. Akasema ameteleza bafuni. Nilimtazama, nikaendelea kukanda chapati.

Kwa hilo siwezi kukisingizia Kiingereza.

Leo nilitoka nje nikampigia. Nikamwambia nimejua maana ya ule ujumbe wake wa kabla ya harusi.

"Kwa nini uliandika Kiingereza, Adhis?"

"Simu yako ilikuwa inashikwa na kila mtu. Sikutaka shangazi wasome."

"Mimi nilidhani unasikia baridi."

"Baridi gani?"

"Ya miguu."

Alivuta pumzi. "Mimi nilidhani umeelewa," akasema. "Nilidhani unaniambia nivumilie tu, kama wengine."

Miaka minne amelala katika nyumba ile akiamini aliniomba msaada, nikamcheka.

Nilimwomba msamaha. Nikamwambia arudi, chumba cha nyuma kiko wazi. Akasema mtoto wake ndiyo kwanza ameanza kuzoea chekechea. Akasema ng'ombe wa mahari walishapokelewa, na mama ataweka wapi uso wake kanisani. Nikamwambia mama niachie mimi.

"Dada," akasema polepole, "ungeniambia hivyo wakati ule, ningetembea kutoka Sotik hadi hapo."

"Nakuambia sasa."

Nikasikia mlango ukifunguliwa upande wake. "Amefika," akanong'ona, akakata.

Nimempigia tena mara mbili. Imezimwa.

Mercy amenifuata hadi mlangoni. Nimemwambia mama mdogo wake hajisikii vizuri. Kisha nikaona nimeanza tena kufumba macho, nikamwambia ukweli, kadiri mtoto wa miaka kumi na mmoja anavyoweza kuubeba. Akafunga daftari lake. Akauliza kama mama mdogo atalala kwenye kitanda chake.

Nimeomba ruhusa kwa msimamizi wa kituo. Kukipambazuka nitakuwa njiani kwenda Sotik. Nitasimama mlangoni kwa mdogo wangu, huyo mume awepo asiwepo, na nitamwambia kwa Kijaluo, lugha tuliyonyonyeshwa nayo, achukue mtoto twende.

Huenda akakubali. Huenda akanitazama tu, jinsi mimi nilivyomtazama Krismasi, kisha arudi jikoni kwake.

Akifanya hivyo, nitamlaumu kwa lipi?