Arobaini ya Kornelio, Mpiga Banjo

Jumanne, 30 Mei 1950

Shemeji Kasiani kafika na meli kutoka Lindi, kwa arobaini ya mdogo wake, mume wangu Kornelio. Shikamoo yangu haijapoa, anauliza: banjo iko wapi? Nikamwonyesha. Ukutani, juu ya kitanda, pale kwenye nyumba za watu anapokaaga Bikira Maria. Akafumba macho.

Anasema Kornelio angekuwa hai kama si muziki. Kweli! Alipiga na bendi yao harusini Buguruni, mvua ikawakuta njiani kurudi Temeke, mume wangu akavua koti akaifunika banjo. Siku ya nne kichomi kikamchukua. Banjo haikupata hata kikohozi.

Nina hasira na marehemu mpaka leo. Na leo hiyohiyo nimeipangusa vumbi.

Alhamisi, 1 Juni

Kikao. Kasiani ndiye atakayesoma maisha ya marehemu mbele ya watu. Kuandika niandike mie, maana mwandiko wa kwa masista unasomeka.

Akaanza: andika, alikuwa mtu wa kimya. Kimya! Kornelio alikuwa akikoga anaimba rumba mpaka mama mwenye nyumba, Bi Mwanakombo, anagonga ukuta — si kumnyamazisha, kumtaka arudie!

Andika: alilipenda kanisa. Hilo kweli. Kanisa ndilo lililosita. Nyimbo za Kwaresima alizichangamsha mno, Padre akamwomba kwa upole awe anasali bila kuimba.

Andika: aliacha anasa zote. Nikaandika. Kalamu haina haya.

Kisha akatoa la pili. Meli inarudi Lindi Jumatano, na mie nimo. Mjane hakai mjini peke yake. Tiketi yangu anayo mfukoni. Hakuniuliza.

Jumamosi, 3 Juni

Kaja Jabiri, fundi cherehani, rafiki wa Kornelio, mpiga saksafoni wa bendi yao. Tangu msiba hajaigusa. Anaomba kesho bendi ipige wimbo mmoja tu, baada ya Misa. Kasiani: huu ni msiba wa Kikristo, si harusi.

Jabiri hakubishana. Akasema tu, "Kaka, siku ile ya mvua nilimbeba mgongoni, anatetemeka. Njia nzima ananigombeza, eti natembea nje ya mapigo."

Kasiani akageukia ukuta. Nikadhani anacheka.

Jumapili, 4 Juni

Nianzie wapi! Watu walijaa uani. Kasiani akasimama na karatasi yangu. "Marehemu alikuwa mtu wa kimya." Bi Mwanakombo akawahi kucheka, ua mzima ukafuata. Kasiani akaitazama karatasi kama imemng'ata. Akanipa. "Sema wewe, shemeji. Mimi naona simjui."

Nikaikunja. Nikasema ya kichwani. Alivyokuja misheni kwetu, kulekule Lindi, kutengeneza kinanda cha kanisa, akakiua kabisa, kisha akakaa wiki tatu akiniomba radhi mie, nisiyepiga kinanda. Wakacheka. Nikasema tulivyokosa mtoto. Mwaka ule nilipokuwa nalia, alikaa nje ya mlango akipiga polepole mpaka usingizi unichukue. Hakuuliza hata siku moja kosa la nani. Ndugu ndio walikuwa wakiuliza.

Hapo nilimtazama Kasiani. Makusudi. Mungu anisamehe — si leo lakini.

Kasiani akasimama tena, hana karatasi. Akasema baba yao hakutaka ngoma nyumbani. Kornelio alijichongea marimba, akaificha shambani. "Mimi ndiye niliyempeleka baba pale. Ikachomwa. Alikuwa na miaka tisa. Hakuniuliza kwa nini. Mpaka anakufa hakuniuliza." Akaketi chini, mchangani, na suti yake ya Misa.

Jabiri hakungoja ruhusa ya mtu. Akapuliza. Sauti ya kwanza mbovu — siku arobaini! Kornelio angemsema. Watu wakalia, miguu inacheza.

Jumatatu, 5 Juni

Kasiani anaosha vikombe vya wageni. Mwanamume wa Kimakua, mzee mzima, mbele ya majirani! Bi Mwanakombo kapita mara tatu kuhakikisha.

Kutwa ananiuliza vitu vidogo. Mdogo wangu alipenda chai ya maziwa? Alikuwa akichekaje? Tumbo moja, na hajui.

Sasa hivi kaja kizingitini. "Shemeji, safari hii naomba kukuuliza. Utakwenda, au utabaki?"

Kumbe kuulizwa ni kazi ngumu! Siku tano nina jibu langu limeiva, kali kama pilipili. Leo silioni. Hapa nina chumba, nina majirani, nina vifungo vya kumshonea Jabiri. Kule kuna kaburi la mama yangu. Na sasa kuna mtu mwingine duniani anayetaka kusikia habari za Kornelio mpaka hamu imwishe.

Nimemwambia angoje nimalize kuandika. Anangoja. Kaanza kupiga mluzi, chinichini, nadhani hajui kama namsikia. Wimbo wa kwao, siujui. Anachelewa kila pigo la tatu, na mie hapa mguu wangu —