Pumzi ya Baba Tumsifu

Nyansiongo, Nyamira

Mama yangu,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, nikitumaini goti linakuacha ulale na kwamba mvua haijaozesha maharage shambani. Sisi tupo. Siwezi kuandika kwamba hatujambo, kama tulivyofundishwa kuanza barua, maana ungenigundua ninadanganya hata kwenye karatasi. Tupo, tunakula, tunaamka.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini wewe, mama, simu unaiweka sauti ya nje, sebule nzima inasikia, na jirani anaingia kunisalimu kabla sijamaliza neno. Mara ya mwisho ulipouliza, "Mnarudi lini?" nilimpa mjukuu wako Tumsifu simu nikaenda jikoni. Haya ya leo nataka uyasome polepole, ukiwa peke yako. Barua nimemkabidhi dereva wa lori, Mpare mwenzetu, anayepita mpaka wa Sirari. Siku hizi lori linavuka kwa urahisi kuliko mtu.

Unakumbuka kanisa la nyumbani lilivyotuaga, mimi na mume wangu, tulipotumwa huku Kenya kuanzisha kanisa. Waliahidi kutushika mkono mpaka kazi ya huku isimame yenyewe, na kweli walitushika. Kuta za kanisa zikapanda hadi kwenye linta, juu ya madirisha. Tukaandaa harambee ya mabati, kadi zikagawiwa, wageni wakaalikwa, na Mama Kerubo, mtunza hazina wetu, akatenga mikungu ya ndizi za kupika siku hiyo. Ndipo corona ikaingia. Serikali ikafunga makanisa, na harambee ikaishia mdomoni. Huko nyumbani nako sadaka zikapungua, mkono ukalegea, mwishowe ukaachia. Simlaumu mtu. Nakueleza tu jinsi ilivyokuwa.

Hapo ndipo nilipoanza kazi ambayo sikuitwa kuifanya, kazi ya kuomba. Kila asubuhi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na simu, nikiwaandikia watu niliosoma nao, watu tuliowahi kukutana nao kwenye makambi ya kanisa, hata yule binti niliyemsimamia harusi. Naanza na salamu, naulizia watoto, halafu nikifika pale pa kuomba mkono unakuwa mzito. Watu wakazoea. Wakiona jina langu hawapokei. Rafiki mmoja aliniambia angetoa kama ningemtumia picha ya watoto wenye njaa. Nilimjibu kwamba watoto wa Nyansiongo wanakunywa maziwa kuliko wa kwake, tunachokosa ni paa. Hajaniandikia tena.

Baba Tumsifu yeye hakukubali kukaa ndani. Aliazima kipaza sauti, na kila Sabato asubuhi alisimama pale juu penye njia panda, kila familia ikikaa mlangoni kwake ng'ambo hii na ile ya bonde. Alisoma neno kwa Kiswahili, na Mzee Ombati, mzee wetu wa kanisa, alilirudia kwa Kikisii. Kisha boma moja lilianza wimbo, jingine likaupokea, ukashuka hadi kule chini kwenye mashamba ya chai. Mama, sijawahi kusikia uimbaji wa namna ile. Nilikuwa nimechoka sana, lakini kwa hilo nilimshukuru Mungu.

Na mabati yalianza kupatikana kwa watu wale wale. Mwenye bonasi ya chai, yale malipo ya mwaka ya wakulima, alitoa sehemu yake, mwenye ng'ombe alitoa maziwa ya jioni. Kidogo kidogo tukawa tunapeleka fedha mjini Kisii kwa Bwana Harish, mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, atuwekee hadi zitoshe mabati.

Katikati ya hayo akafa jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa akipokea maziwa ya wakulima. Watu wa afya walikuja na nguo zao nyeupe, wakashusha jeneza, wakanyunyiza dawa, wakaondoka. Ndugu walisimama mbali kwenye migomba. Hakuna aliyelia kwa sauti, na huku, mama, mtu kuzikwa bila kilio ni jambo zito mno. Baba Tumsifu alisimama kaburini akaomba. Kisha nikamwona anaelekea kwenye nyumba ya mjane.

Nikamwita, "Baba Tumsifu, mwombee dirishani!"

"Mtu hafarijiwi dirishani," alisema, akainama akaingia.

Sijui kama ni mle ndani alimoupata ugonjwa. Huenda ni kwingine. Mjane mwenyewe hakuugua hata kikohozi. Lakini haukupita muda Baba Tumsifu akaanza homa, kisha kifua, kisha akawa anazungumza maneno machache halafu anatulia, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Mzee Ombati alitafuta gari. Akiwa tayari kwenye kiti, Baba Tumsifu alinishika mkono.

"Mabati usiyaguse," aliniambia. "Hata nikizidiwa. Ni jasho la watu."

Nilimwapia kwamba sitayagusa.

Tumsifu nilimwacha kwa Mama Kerubo. Mimi nilipokelewa na mama mmoja wa kanisa pale Nyanchwa, mjini Kisii, nikawa nashuka kwa miguu kila asubuhi hadi hospitalini na kusimama getini pamoja na wengine, maana ndani hatukuruhusiwa. Tulikuwa tunamwangalia kila anayetoka kama anatuletea habari zetu. Siku moja muuguzi akaita jina la mume wangu. Alisema mgonjwa anahitaji hewa ya mtungi, na ahamishiwe mahali penye mashine, na malipo yatangulie.

Nilikaa ukutani nikaanza tena kuomba. Nilipiga simu hadi sikio likawa la moto. Wengine waliahidi maombi. Wengine walisema, "Nitakupigia." Nikampigia Mzee Ombati nimwambie tu hali ilivyo, wala sikutaja mabati, mama, Mungu shahidi. Nikasikia anazungumza Kikisii na watu, sauti ya Mama Kerubo ikiwa juu kuliko zote. Kisha akarudi.

"Mama Tumsifu, enda kwa Harish," alisema. "Hiyo pesa ya mabati chukua yote."

"Alinikataza, mzee. Aliniapisha."

Mama Kerubo akamnyang'anya simu. "Yeye ni mgonjwa, hajui kile anasema! Mabati tutanunua ingine. Pasta tutanunua wapi? Enda, na usilie kwa barabara."

Nikaenda, na barabarani nililia.

Dukani kwa Bwana Harish walikuwa wamefunga kamba mlangoni, wateja wanasimama nje. Alikuja mwenyewe, barakoa imemfunika hadi chini ya macho. Nilimweleza, nikijua kabisa kwamba hana wajibu wa kurudisha. Alikuwa ameshatuagizia, na biashara ilikuwa mbaya kwake kama kwa kila mtu.

"Mama, mabati yenu imefika," alisema. "Iko hapo nyuma, rangi ile pasta alichagua." Akaniangalia. "Mgonjwa ni nani?"

"Ni yeye mwenyewe. Pasta."

Alishika ile kamba kwa mikono miwili. "Kaka yangu alilazwa huko huko," alisema. "Tulichelewa kumpeleka." Aliingia ndani, akarudi na fedha zetu zote kwenye bahasha ya kaki, akanisukumia kwa mpini mrefu wa fagio ili tusikaribiane. Mimi nilitaka kumshukuru, akanipungia mkono niende haraka, kama mtu anayefukuza kuku.

Kwa hiyo, mama, mabati yalilipa pumzi ya mkweo. Alikaa kwenye mashine ile muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, na nilivumilia. Katika kipindi hicho walinzi wa getini walinizoea hadi wakawa wananiletea kiti. Waliokuwa wakisubiri nami, wengine waliitwa wakatoka wamejishika kichwa. Nilipoitwa mimi, nilikuta kiti cha magurudumu, na mtu amekaa ndani yake ambaye nilimtambua kwa umbo la masikio yake tu.

Njiani kurudi Nyansiongo hakuuliza habari za mabati. Tulikuta getini kwetu madumu ya maziwa, unga, ndizi, na mafungu ya chinsaga, ile mboga chungu ya huku, kila mtu ameweka na kuondoka ili tusiambukizane. Tumsifu alikuja mbio, akasimama mbali kama alivyoagizwa, akaita, "Baba! Baba!" Baba yake akainua mkono. Kumbe hakuitwa yeye. Huku kwa Wakisii mama ndiye "baba," na baba ni "tata," na mtoto wetu amekwisha kuwa wa huku. Tulicheka wote watatu. Kicheko kikamletea kikohozi, tukaogopa tena.

Aliuliza siku chache baadaye, nikiwa namkanda miguu.

"Mliyagusa mabati?"

"Tuliyagusa."

Aligeuka akatazama ukutani. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Tangu hapo hajalitaja jambo hilo tukiwa wawili, lakini kila mvua ikinyesha anasimama dirishani, anatazama kule kanisani maji yanakoingia. Mimi sijutii, mama. Ningerudishwa pale getini leo, ningefanya vile vile.

Makanisa yalipofunguliwa tulikusanyika ndani ya zile kuta, watu wamekaa mbali mbali na miavuli yao. Alisisitiza kuhubiri. Alifungua vizuri, akasoma, akaanza kueleza, halafu pumzi ikamkatikia katikati ya sentensi. Alishika meza. Watu walingoja. Alijaribu tena, ikakatika tena. Mama Kerubo akaanzisha wimbo kana kwamba ulikuwa umepangwa, wote wakainuka kuimba, na chini ya uimbaji ule nikamkalisha.

Baada ya ibada Mzee Ombati na Mama Kerubo walikuja nyumbani. Walikataa chai, nikajua kuna neno.

"Pasta," mzee alianza, "tumeongea kama kanisa. Hiyo harambee ya mabati tumesimamisha. Tunafanya ingine."

"Ya nini, mzee?" aliuliza Baba Tumsifu.

"Ya nauli yenu."

Nikamwona mume wangu anakusanya pumzi ili ajibu.

"Mnatufukuza?"

"Hapana. Sikia." Mzee Ombati alivua kofia. "Huku kwetu mtu akigonjeka sana hatumuachi kwa kazi. Tunampeleka kwao, mama yake amuone. Wewe uko na mama?"

"Wangu alishafariki. Yupo wa mke wangu."

"Basi huyo ndiye wako. Tunakupeleka kwake. Ukipona, rudi. Usipopona, hatutaki Mungu atuulize kwa nini tulikuweka hapa."

"Na kanisa?"

"Kanisa iko," alisema Mama Kerubo. "Si ni sisi?"

Baba Tumsifu alilia, mama. Tangu ndoa sikuwa nimemwona akilia, hata alipomzika mama yake. Alisema tulikuja kuwapa hawa watu, sasa tunaondoka tukiwa tumekula mabati yao na nauli yao. Mama Kerubo alimwambia aache hesabu hizo, aingie akalale. Na mimi nitakuambia kitu ambacho sijamwambia yeye. Nilifurahi. Furaha ilinipanda kifuani hadi nikaona aibu, nikatoka nje nikijifanya naanua nguo. Nimechoka kuomba. Nimechoka kuwa na nguvu mbele ya watu. Nataka mtu mwingine apike, mimi nikae.

Kwa hiyo lile swali lako nalijibu sasa. Tunakuja. Wanataka vipimo mpakani, tukishapata majibu tutapanda gari. Kanisa la huku Mzee Ombati ndiye atakayelishika, na Bwana Harish amemtumia ujumbe kwamba mabati yale hayauzi kwa mtu mwingine, yatangoja.

Lakini nakuomba, mama, kabla hatujafika. Usitangaze kanisani. Najua watataka kutupokea kwa kwaya na kumsimamisha atoe taarifa ya kazi. Atakubali, maana hawezi kukataa, na pumzi itamkatikia mbele yao, na hilo sitalivumilia. Waambie wasubiri. Utamkuta amekonda, na nywele zimekuwa nyeupe juu ya masikio. Usipige kelele ukimwona. Mpe mkono tu, umwite mwanangu kama siku zote, umtandikie chumba kisichopigwa na upepo. Akikaa kimya, mwache.

Nisalimie dada Nambike, mkubwa wangu anayekutunza, na umwambie deni la shukrani kwake halina kipimo. Msalimie baba mdogo, mzee wa kanisa letu la huko nyumbani, kwa heshima zote. Ile barua yake kwamba msaada umesimama tuliipata, na hatuna kinyongo. Shangazi mkunga mwambie Tumsifu amekuwa mrefu. Usishtuke mjukuu wako akikuita "magokoro," ni bibi kwa lugha ya huku, na analitamka kwa upendo.

Tukifika stendi, tutapanda mlima taratibu, tukipumzika njiani kila anapotaka kupumzika. Ukituona kwa mbali tumesimama, usije mbio, wala usimtume mtu kutubeba. Kaa hapo hapo mlangoni utungoje. Tutafika.

Ni mimi, mwanao wa pili,
Naelijwa