Nilivyojifungia Nje ya Gari Lako

Korogwe, Jumamosi, 3 Agosti 1974. Asubuhi ukungu mpaka saa mbili, baridi, kisha jua dogo lisilo na nguvu. Hakuna mvua.

Baba,

Leo ni siku ya sitini na moja. Nahesabu humu daftarini kwa sababu hakuna anayeniuliza tena leo ni tarehe ngapi. Wewe uliuliza kila asubuhi, umesimama mlangoni na kikombe chako, na kila asubuhi ulikuwa unaijua.

Nakuandikia habari za gari. Mengine nitayataja upesi. Kule kwetu Kwaluguru wote wamekwisha kuhamia kijiji kipya. Nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Kaburi lako limebaki mahameni, jirani na la Mama, na majani yameanza kuota. Hapa nyumbani sijahamisha kitu. Kofia yako ya kazi iko msumarini. Napika kikombe kimoja cha mchele na bado wali unabaki.

Sasa gari. Siku ya arobaini yako, Baba Mdogo Salehe alisema mbele ya watu kwamba gari la marehemu litunzwe na anayeliweza. Kijiji kina mahindi ya kusomba na wagonjwa wa kufikisha Handeni, na mimi ni mwalimu ninayekaa peke yangu, shule iko hatua chache tu kutoka mlangoni. Hakusema uongo. Wazee wakapanga tukutane leo baada ya sala ya adhuhuri, niende nalo, waamue. "Uje nalo zima," akasema Baba Mdogo. Nilielewa kwamba nikichelewa wataamua bila mimi, na nikifika nalo limevunjika popote, wamekwisha kuamua.

Silitaki kwa sababu ya kuogopa kutembea. Nyumbani ulikuwa mtu wa maneno machache, unajua mwenyewe. Ndani ya ile pikapu ulizungumza kutoka Korogwe hadi Handeni, macho barabarani, bila kunitazama. Habari za Mama nilizisikia humo. Likiondoka hilo, sijui nitakaa wapi nikukumbuke ukiongea.

Nimeondoka saa moja. Kufika Mnyuzi mshale wa joto umepanda, nikasimama kando ya barabara nitafute maji ya rejeta. Hapa inabidi nikueleze jambo ambalo hukuliona. Kishikio cha ndani cha mlango wako kilikatika mwezi uliopita. Tangu hapo nauacha mlango huo umefungwa loki, maana ukiachwa hivi hivi unafunguka wenyewe kwenye mashimo, nami naingilia na kutokea mlango wa kushoto.

Ule wa kushoto ulikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka minane uliponunua gari kwa yule meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao, mwaka wa uhuru. Siku ile ile ulinifundisha: nishuke, nibonyeze kitufe cha loki, nifunge mlango, niseme "Tayari." Ndipo wewe unashuka upande wako, wa mwisho, unafunga kwa ufunguo ukiwa nje. "Mlango wa dereva haufungwi kwa mkono mtupu," ulisema. Wa abiria ulifungwa kwa mkono mtupu, kwa kuwa ufunguo ulikuwa kwako. Miaka kumi na mitatu tumefanya hivyo.

Leo nimeshuka kushoto na debe mkononi. Nimebonyeza kitufe. Nimefunga mlango. Nimesema "Tayari," kwa sauti, barabarani, peke yangu.

Ndipo nikauona ufunguo kwenye swichi.

Niandike ninavyoelewa sasa, ingawa pale sikuelewa kitu. Sikusahau ufunguo. Mkono wangu ulikuwa unakungoja ushuke nao.

Nilizunguka gari mara tatu. Vioo vyote juu, kwa sababu ya ukungu. Akaja mtu na baiskeli, ana mkungu wa ndizi nyuma, akasimama, akanitazama nikivuta kitasa.

"Vipi, dada, gari limekutaliki?"

Nikavuta kitasa tena.

"Talaka ngapi? Ikiwa moja bado mnarudiana."

Akaegesha baiskeli, akaokota jiwe, akanipa kwa heshima kabisa, kwa mikono miwili. "Kile kioo kidogo cha pembeni. Pigo moja tu. Kioo ni kioo." Alikuwa ananitakia mema, Baba. Nililishika lile jiwe kwa muda. Nilifikiri ningefika kwa wakati, na nikaona uso wa Baba Mdogo akitazama mahali palipokuwa na kioo. Nikalirudisha. Akasema basi nina muda wa kuchezea, akaenda zake.

Nilikaa kwenye debe. Treni ya mizigo ikapita kuelekea Tanga. Kwa zaidi ya saa nzima hakupita mtu ninayemjua, na ilinijia kwamba hata nikikaa pale hadi jioni hakuna nyumba ambayo watu wangeulizana mbona hajarudi.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa pale, Mama Rehema, anayesokota kamba za katani na kuziuza kando ya barabara. Alikuwa akinitazama muda wote. Mwishowe akavuka, kamba begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani unamngoja mtu."

Nikajitaja, mwalimu wa Korogwe, nikamwonyesha ufunguo. Akaweka uso kwenye kioo, akaangalia kitufe cha loki, kile chenye kichwa kama uyoga. Akauliza, "Kile ukikivuta juu, mlango unafunguka?" Nikasema ndiyo. Akacheka. "Mbuzi nimewakamata kwa kitanzi. Kitufe kitanishinda?"

Akachagua uzi mwembamba, akaulowesha ulainike, akafunga kitanzi katikati yake. Tukaupenyeza kwenye pembe ya juu ya mlango, pale mpira ulipochakaa, ncha moja upande wake, nyingine upande wangu. Tukawa tunavuta kwa zamu, kama watu wanaokata gogo kwa msumeno, na kitanzi kikashuka ndani ya kioo kidogo kidogo. "Legeza. Legeza, mwalimu, huchapi mtu." Mara mbili kikapita pembeni. Mara ya tatu kikakaa shingoni mwa kitufe. Tukavuta sote wawili kwa pamoja, kikabana. Tukavuta kwenda juu, nikasikia *ta*. Nilitaka kumlipa, akakataa, akaomba nikipita tena nimsalimie. Mpira haukuchanika hata kidogo. Nimeukagua.

Nilifika Kwaluguru watu wamekwisha kukaa, chai imenywewa. Baba Mdogo hakuuliza hali. Aliuliza saa. Njiani nilikuwa nimetunga habari ya pancha, tena nzuri, lakini nilipomwona amevaa kanzu yako ya kijivu nikashindwa. Nikasema, "Nilijifungia nje ya gari, Baba Mdogo. Ufunguo ukiwa ndani."

Mzee Hamisi, yule wa meno mawili, akasema afadhali punda, ukishuka hafungi mlango. Wakacheka sana. Baba Mdogo hakucheka. Akaniuliza, "Mlango wa kushoto?"

"Ndiyo."

"Ukafungua vipi?"

Nikaeleza yote. Jiwe, Mama Rehema, uzi. Akainuka, akaenda nje akalizunguka gari, akapitisha kidole kwenye kila kioo. Aliporudi aliketi, akasema maneno haya, nimeyaandika kama yalivyo: "Hata Kaka alijifungia nje. Pale mbele ya boma la Handeni. Alisimama saa nzima akijifanya anangoja mtu."

Kumbe ni wewe, Baba. Kumbe ulimfuata kwake kwa miguu, mkarudi na waya usiku watu wasione, ukamwapisha. "Mwanangu asijue. Nimeshamwambia haliwezi kunitokea." Nilicheka. Mara ya kwanza tangu Juni nilicheka, halafu kicheko kikageuka katikati, na wale wazee wakatazama chini wakaniacha.

Baba Mdogo akasema mtu anayeweza kukaa barabarani na jiwe mkononi asivunje kioo, huyo analiweza. Wakati wa mavuno nitasomba mahindi ya kijiji Jumamosi. Nimekubali. Kisha akaingiza mkono mfukoni, mfuko wa kanzu yako, akatoa ufunguo. Wa pili. Ulimpa baada ya siku ile, kumbe, naye ameutunza miaka yote. "Ufunguo wa akiba haukai na mwenye gari," akasema. "Wala haukai mbali naye. Mpe mtu wako wa karibu huko Korogwe."

Nimeshika usukani kutoka Kwaluguru hadi hapa nikimtafuta huyo mtu wa karibu. Mwalimu mkuu anahama mwezi ujao. Wasichana niliosoma nao wameolewa mbali. Nilifika nyumbani saa moja usiku na sikuwa na jina hata moja, na hilo, Baba, limeniumiza kuliko Mnyuzi.

Kishikio nitakipeleka kwa fundi Jumatatu. Kuanzia sasa, ufunguo mkononi kwanza, nimeuona kwa macho, ndipo niguse loki. Nimeliandika jambo hilo kwenye jalada la daftari. Lakini ufunguo wa pili uko hapa mezani mbele yangu, na hapa si mahali pake.

Ng'ambo ya uzio anakaa Mama Elia, Msambaa, muuza viazi. Wiki ya msiba aliniletea sahani ya makande. Niliirudisha tupu, nikaiacha kizingitini kwake bila kubisha hodi. Mama angeona haya kwa ajili yangu. Sahani ya jirani hairudi tupu. Tangu hapo tunasalimiana tu kupitia uzio, naye hajanidai neno.

Pumzika, Baba, huko mahameni. Nitakuja kung'oa majani wiki mbili zijazo, nitakuja na gari. Na nakuahidi hili: kesho asubuhi, kabla sijafikiri sana, nitakwenda kwa Mama Elia na sahani ya maandazi, na ufunguo, na nitabisha hodi.

Naongeza alfajiri: jana nilizima taa saa nne. Nilipata usingizi baada ya saa sita.